Bitana ya mgongo kwenye upinde mrefu mzito wa mbao: dalili, visababishi na marekebisho

Malalamiko ya watu wanaochonga pinde ndefu nzito kwa mikono yao hurudi karibu yote kwenye mgongo wa upinde. Mmoja anasema kibanzi kimenyanyuka kabla upinde haujafika nusu ya mvuto wake. Mwingine ukanda wa mwanzi alioubandika umeanza kubanduka. Wa tatu ana upinde ambao mgongo wake ni mzima kabisa, ila tumbo limejaa mikunjo. Kisha wote huuliza swali moja: ningetumia bitana gani? Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili kwa sababu nyenzo inayotibu dalili moja inaweza kuwa ndiyo inayozaa nyingine, na mara nyingi kosa haliko kwenye nyenzo hata kidogo.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, nao huvutwa upinde unapopinda. Tumbo ni upande unaomtazama mpigaji, nao hugandamizwa. Bitana ni tabaka linalogundishwa juu ya mgongo, liwe la mbao, mwanzi, ngozi, kano (nyuzi ngumu zinazounganisha misuli ya mnyama na mifupa) au kitambaa. Upote ni uzi wa upinde, na mikono ni sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya mshikio. Upinde mzito hapa ni ule unaohitaji ratili 70, yaani kilo 32 hivi, au zaidi ili kuuvuta hadi mwisho.

Lipo jambo moja la kimaumbile ambalo lazima lieleweke kabla ya kugusa gundi. Kati ya mgongo na tumbo upo mstari ambao hauvutwi wala haugandamizwi, na kadiri unavyosogea mbali na mstari huo ndivyo mzigo unavyoongezeka. Kwenye mkono wenye umbo la mstatili na mbao ya aina moja, sehemu ya kumi ya unene iliyo juu kabisa ya mgongo hubeba peke yake takriban robo ya kazi yote ya kupinga mpindo. Bitana ya milimita 3 juu ya mkono wenye unene wa milimita 30 si pambo, basi. Ni robo ya upinde. Tena, bitana ikiwa ngumu kuliko mbao iliyo chini yake, huuvuta ule mstari wa kati upande wake, na tumbo huachiwa mgandamizo mkubwa zaidi. Mbao safi yenye nyuzi zilizonyooka hustahimili kuvutwa takriban maradufu ya inavyostahimili kugandamizwa. Ndiyo maana mgongo ulio mzima kwa asili hauhitaji bitana. Pinde zaidi ya 130 nzima zilizopatikana kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa baharini mwaka 1982, ni za mbao ya mti wa yu bila tabaka lolote lililobandikwa. Mgongo wake ni mbao changa ya nje ya mti huohuo, na nyingi kati yake hukadiriwa kuwa zilivutwa kwa zaidi ya ratili 100.

Kabla ya kupima chochote

Upinde mzito ukivunjika ukiwa umevutwa, vipande vyake huruka kwa kasi ya kujeruhi jicho au kupasua uso. Kila jaribio lililotajwa hapa linalohitaji kuvuta lifanyike upinde ukiwa umefungwa mshikioni kwenye ubao wa kupimia uliosimamishwa, upote ukivutwa kwa kamba ndefu inayopita kwenye kapi chini, nawe ukiwa umesimama pembeni mita kadhaa, si mbele wala nyuma ya upinde. Vaa miwani ya kinga. Usiachie upote kamwe bila mshale, kwa kuwa nishati yote iliyopaswa kuondoka na mshale hurudi kwenye mikono na kwenye gundi. Vumbi la faibaglasi na la mbao nyingi ngumu za kigeni hudhuru mapafu, na epoksi mbichi inaweza kuanzisha mzio wa ngozi usiokwisha. Barakoa na glavu ni sehemu ya kazi.

Dalili ya kwanza: kibanzi kinanyanyuka mgongoni

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na kisababishi chake kikuu ni nyuzi zilizokatizwa. Fundi aliyepiga randa mgongo ili uwe laini, bila kufuata pete moja ya ukuaji kutoka ncha hadi ncha, amezikata nyuzi mahali fulani, na mahali hapo ncha za nyuzi huinuka upinde unapovutwa. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno zina hatari hiyohiyo hata kama hazijaguswa, kwa kuwa msumeno hufuata rula na haufuati nyuzi. Kisababishi cha pili ni fundo lililokatwa katikati badala ya kuachiwa nyama kidogo kulizunguka. Cha tatu ni mkwaruzo au mbonyeo wa klampu, na cha mwisho, ambacho ni nadra lakini hatari, ni mbao iliyokauka kupita kiasi. Unyevu wa asilimia 8 hadi 10 unafaa kwa pinde nyingi. Ukishuka chini ya asilimia 6, mbao huwa kavu kiasi cha kukatika bila onyo.

Ukaguzi rahisi ni wa pamba. Chukua kipande cha pamba kikavu, kipitishe polepole juu ya mgongo kutoka mshikioni kuelekea ncha, kisha urudi. Pale ambapo jicho halioni kitu na kidole hakihisi kitu, pamba huacha unyuzi mmoja mweupe ukiwa umening'inia. Hapo ndipo kibanzi kinapoanzia. Kisha chunguza mwelekeo wa nyuzi kwa tone la wino mwembamba, kwa sababu wino huenea kwa kufuata nyuzi na utakuonyesha mstari ambao rangi ya mbao huuficha. Pima mwelekeo huo dhidi ya ukingo wa upinde. Nyuzi zinazotoka nje kwa sentimita 1 kila baada ya sentimita 20 hupunguza nguvu ya mbao kidogo sana. Zinazotoka kwa sentimita 1 kila baada ya sentimita 10 huondoa takriban moja ya tano ya nguvu yake ya kupinda. Na zinazotoka kwa sentimita 1 kila baada ya sentimita 5 huondoa karibu nusu.

Marekebisho hufuata kipimo hicho. Kibanzi kidogo kimoja huloweshwa kwa gundi nyepesi inayokauka papo hapo, hukandamizwa, kisha sehemu hiyo hufungwa kwa uzi wa hariri au kitani unaovuka sentimita 2 kila upande wa kibanzi. Ikiwa vibanzi ni kadhaa lakini nyuzi kwa jumla zimenyooka, bitana nyepesi inatosha: kitani, hariri, au ngozi mbichi iliyokaushwa.

Hapa ndipo watu wengi hukosea katika kuchagua. Ngozi mbichi hurefuka zaidi ya mbao kabla ya kubeba mzigo wowote wa maana, kwa hiyo haiongezi nguvu kubwa. Kazi yake ni kuvilaza vibanzi chini na kuukinga mgongo dhidi ya mikwaruzo. Ngozi nyembamba ya mbuzi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko ngozi nene ya ng'ombe, ambayo huongeza uzito kwenye mikono bila faida. Ngozi iliyodabaghiwa, ile laini ya mikoba na viatu, haifai kabisa, kwa kuwa hurefuka tu na kurudi. Kitani ni kigumu zaidi na hubeba mzigo halisi, hasa nyuzi zake zikilazwa sambamba na urefu wa upinde ndani ya gundi badala ya kutumia kitambaa kilichofumwa, ambacho nyuzi zake hupanda na kushuka na lazima zinyooke kwanza ndipo zisaidie. Hariri hurefuka mbali zaidi ya kitani kabla ya kukatika. Ni salama kwa mgongo, hailemei tumbo, na kwa upinde mwepesi ningeipendekeza bila kusita. Kwa upinde wa ratili 90 wenye nyuzi zilizokatizwa, hakuna hata moja kati ya hizi itakayouokoa. Huo unahitaji mgongo mpya: randa mgongo hadi uwe tambarare kabisa, kisha ugundishe ukanda wa mwanzi au wa hikori, mbao ngumu ya Amerika Kaskazini, wenye nyuzi zilizonyooka.

Acha kazi umwone fundi wa pinde mwenye uzoefu iwapo kibanzi kina unene wa zaidi ya milimita 2, kimefika ukingoni mwa mkono, au kimeambatana na ufa unaokata mgongo kwa upana. Ufa wa upana haufungwi kwa uzi wala haufunikwi kwa bitana. Upinde huo usivutwe tena, hata kidogo.

Dalili ya pili: bitana inabanduka

Gonga bitana kwa sarafu kutoka ncha moja hadi nyingine. Mahali palipoungana vizuri hutoa mlio mfupi mkali. Mahali palipoachana hutoa mlio mzito wenye uwazi, na tofauti husikika hata kwa mtu asiye na mazoea. Weka alama ya penseli kila mahali mlio unapobadilika ili uone kama tatizo liko nchani, ukingoni au katikati ya mkono, kwa maana kila mahali pana kisababishi chake.

Kubanduka kingo zikiwa zimetangulia kwa kawaida hutokana na nyuso mbili zisizolingana. Fundi huziba nafasi kwa nguvu ya klampu, gundi hukauka, kisha mbao hutumia kila mvuto kujaribu kurudi kwenye umbo lake. Shikilia nyuso hizo mbili pamoja mbele ya taa kabla ya kupaka gundi. Mwanga ukipita, kazi ya randa haijaisha. Kisababishi kinachofuata ni uso mchafu: jasho la mikono, nta, mafuta ya asili ya mbao kama ile iitwayo ipe, mbao ngumu ya Amerika Kusini, au uso uliochomwa na msasa butu hadi ukang'aa. Mbao yenye mafuta isuguliwe kwa msasa mpya, ifutwe kwa spiriti au asetoni, na kugundishwa siku hiyohiyo kabla mafuta hayajapanda tena juu. Kwa kano, mafuta ya mnyama yaliyobaki ndani yake hufanya uharibifu uleule, kwa hiyo huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kusuuzwa vizuri kabla ya kutumiwa.

Cha tatu ni gundi iliyokamuliwa yote nje. Klampu zikikazwa kupita kiasi juu ya epoksi huacha kiungo kikavu, na dalili yake ni mstari mwembamba usio na gundi pande zote mbili unapokitazama kiungo kilichoachana. Vipande vya mpira wa tyubu vilivyozungushwa kwa kukaza kiasi, kila mzunguko ukiupanda ule uliotangulia kwa nusu, hugandamiza kwa usawa zaidi kuliko safu ya klampu, na kwa kazi ya upinde ninaviamini zaidi.

Joto nalo lina nafasi yake. Epoksi ya kawaida hulainika kuanzia kiasi cha nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, joto ambalo gari lililofungwa juani hulifikia. Gundi ya mbao ya kawaida haistahimili joto kubwa sana kuliko hilo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuimarisha tumbo kwa joto kavu afanye hivyo kabla ya kubandika bitana, na aache mbao ijirudishie unyevu kwa siku kadhaa kabla ya kugundisha. Gundi ya ngozi, ile inayotokana na ngozi za wanyama, ni kisa tofauti: hupikwa kwa takriban nyuzi 60, hupoteza nguvu ikichemshwa, na hata ikishakauka hulainika tena ikikaa kwenye unyevu. Mtu anayekaa mahali penye hewa nzito ya unyevu, asiyeweza kuuziba upinde wake kwa varnishi nzuri, asiitumie.

Mwanzi una kosa lake maalumu. Upande unaogundishwa ni wa ndani, uliorandwa ukawa tambarare; ngozi ngumu ya nje ndiyo inayobaki mgongoni, kwa kuwa nyuzi imara za mwanzi zimesongamana huko. Vifundo vya mwanzi hulainishwa kidogo tu ili visimkwaruze mpigaji. Anayevisugua hadi viwe sawa na sehemu nyingine amekata nyuzi mahali hasa zinapohitajika, na mwanzi wake utapasuka kwenye kifundo, kisha ataitupia gundi lawama.

Bitana iliyoachana kwa sentimita chache karibu na ncha inaweza kufunguliwa kwa uangalifu, kusafishwa, kutiwa epoksi mpya kwa kisu chembamba na kufungwa kwa uzi. Ikiachana katikati ya mkono, au pale mshikio unapoanza kuungana na mkono, usiirekebishe mwenyewe kwenye upinde unaozidi ratili 80 kama hujawahi kuibandua na kuibandika upya bitana nzima. Hapo ndipo nguvu za kutenganisha tabaka zilipo kubwa kabisa.

Dalili ya tatu: mgongo ni mzima lakini tumbo limefanya mikunjo

Zima taa ya dari, washa taa moja na uilaze karibu na tumbo ili mwanga upite juu yake kwa pembe kali. Mikunjo huonekana kama mistari myembamba inayokata nyuzi kwa upana, wakati mwingine mifupi kama kope, wakati mwingine ikiwa imejipanga ngazi kwa ngazi. Ukucha ukipita juu yake hukwama kidogo. Hizi ni nyuzi zilizogandamizwa hadi zikakunjika, na hazirudi tena zilivyokuwa.

Kisababishi cha kwanza, hasa kwenye pinde zilizotiwa bitana, ni bitana ngumu kuliko tumbo linavyoweza kubeba. Mwanzi, hikori na faibaglasi ndizo zinazotajwa mara nyingi zaidi, na faibaglasi ndiyo mbaya kupita zote. Ni ngumu kiasi kwamba tumbo la mbao tupu lililo nyuma yake hubaki bila kinga, ndiyo maana pinde zinazotengenezwa kwa faibaglasi huwekewa pande zote mbili. Kuibandika mgongoni peke yake kwenye upinde mzito wa mbao ni jambo ninalolipinga moja kwa moja. Hikori, kwa upande wake, ni imara mno inapovutwa, na juu ya tumbo la mbao laini hushinda kila mara. Kanuni ninayoifuata ni kwamba tumbo huchaguliwa kwanza: oseji (mbao nyingine ngumu ya Amerika Kaskazini), ipe na yu zenye nyuzi nzuri zinaweza kuuhimili mwanzi au hikori, mbao nyepesi na laini haziwezi, nazo zinahitaji hariri, au zisiwekewe chochote.

Kisababishi cha pili ni mpindo usio sawa. Sehemu moja fupi inayopinda zaidi ya nyingine, ambayo mafundi huiita bawaba, hukusanya mgandamizo wote mahali pamoja. Mikunjo ikiwa imesongamana ndani ya sentimita 10 na kwingine tumbo ni safi, usilaumu bitana. Tatizo ni usawazishaji, yaani kazi ya kukwangua mikono hadi ipinde sawasawa. Ikiwa imetawanyika mkono mzima, bitana ndiyo mshukiwa. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata, kwa hiyo ipe muda.

Visababishi vilivyobaki ni tumbo lililochongwa mviringo mno, ambalo huweka mzigo wote kwenye mstari mwembamba wa katikati, na mbao iliyokuwa na unyevu mwingi wakati wa kupimwa.

Kwa bawaba, kwangua sehemu zilizo ngumu juu na chini yake kwenye urefu wa mkono hadi mpindo usambae, wala usiiguse bawaba yenyewe. Kumbuka kwamba ugumu wa mkono hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe: kupunguza unene kwa asilimia 10 huondoa takriban asilimia 27 ya ugumu, kwa hiyo kikwangulio hutumika kwa uvumilivu, na baada ya kila awamu upinde huvutwa mara 20 au 30 kwa mvuto mfupi kabla ya kupimwa tena. Kwa bitana ngumu mno, dawa ni kuipunguza nguvu bila kuikata uso. Chonga kingo ili mgongo uwe mwembamba kwa upana kuliko tumbo, ubavu wa mkono ukiwa umeinamia ndani. Bitana yenye upana wa robo tatu ya tumbo huleta nafuu kubwa, na mwanzi hukubali kazi hii vizuri, kwa sababu kingo zake zinaweza kuachwa nyembamba sana huku katikati ikibaki na milimita 3 au 4. Usirande uso wa bitana ili kuupunguza unene wake. Utazikata nyuzi na kurudi kwenye dalili ya kwanza.

Mikunjo michache myepesi huvumilika ikiwa lengo la uzito litashushwa. Upinde uliokusudiwa kufika ratili 110 ukubaliwe kuwa wa ratili 90, na ukaguliwe kwa taa baada ya kila matumizi. Mkunjo unaovuka zaidi ya theluthi ya upana wa tumbo, au unaoonekana pia ubavuni, ni mwisho wa matumizi. Fundi mahiri anaweza kukata sehemu hiyo na kupachika kipande kipya cha mbao, lakini kazi hiyo kwenye upinde mzito haifai kuwa ya kujifunzia.

Dalili ya nne: upinde unabaki umepinda baada ya kuvuliwa upote

Kupinda kwa sentimita 2 au 3 kuelekea kwa mpigaji ni kawaida kwa upinde mrefu wa mbao na hakuhitaji tiba. Kukizidi sentimita 5, anza na unyevu: pima mbao kwa kipima unyevu, au pima uzito wa upinde wote kwenye mizani kila siku na usubiri hadi uache kubadilika. Kisha jiulize kama upinde ulivutwa kupita uzito uliokusudiwa wakati wa kusawazisha. Ukitaka ratili 100 mwishoni, usivute zaidi ya ratili 100 hata siku moja, haijalishi upote umefika inchi ngapi tu. Kuuacha umefungwa upote kwa saa nyingi ni kisababishi cha tatu.

Wengi hukimbilia kuongeza bitana juu ya upinde uliokwisha kuchoka. Bitana hufanya kazi upande wa kuvutwa, ilhali uchovu huu uko tumboni, na tabaka gumu jipya litaukandamiza zaidi. Ukaushe, unyooshe kwa joto kama hauna bitana ya kugundishwa, kisha usawazishe upya kwa uzito mdogo. Kano ndizo pekee zinazosaidia kwa kweli hapa, kwa kuwa hujikaza zinapokauka na kuuvuta upinde kuelekea upande wa shabaha, nazo zina gharama yake.

Dalili ya tano: upinde umekuwa mzito mkononi na mshale unatoka polepole baada ya kutiwa kano

Mara nyingi kano hazijakauka. Tabaka moja huonekana kavu juu baada ya siku chache huku ndani likiwa bado na maji. Upinde mzito wenye matabaka mawili au matatu hungojwa wiki nyingi, na kila tabaka likauke kabla ya lililo juu yake kuwekwa. Tena, bila varnishi, kano na gundi yake hunyonya unyevu wa hewa na upinde hupoteza uzito wa kuvuta siku za mvua. Linganisha uzito wa mvuto siku kavu na siku yenye unyevu. Tofauti kubwa ndiyo jibu.

Kisababishi kingine ni uzito uliowekwa nchani. Kano ni nzito kuliko mbao, na kila gramu karibu na ncha husafiri kwa kasi kubwa kuliko gramu iliyo karibu na mshikio. Kano zipunguzwe unene kuelekea ncha na zikome kabla ya mkato wa upote, pale mkono unapoacha kupinda. Kano hung'ara kwenye upinde mfupi unaopinda sana, ambamo uwezo wake wa kurefuka mara nyingi zaidi ya mbao hutumika kikamilifu. Kwenye upinde unaozidi mita 1.8, mpindo wa mgongo haufiki kiwango ambacho kano huanza kulipa gharama ya uzito wake. Kwa hiyo singezichagua kwa upinde mrefu mzito, ila pale ambapo fundi anataka kuokoa mgongo wenye kasoro na amekubali kupoteza kasi.

Dalili ya sita: upote hauko katikati au mkono umejisokota

Tazama upinde kutoka nchani ukiwa umefungwa upote. Ukanda wa bitana uliobandikwa ukiwa umeteleza kidogo ndani ya gundi mbichi ndicho kisababishi cha kawaida, na huzuiwa kwa vijiti viwili vyembamba vya kuufungia ukanda mahali pake nje ya eneo la mkono. Ukishakauka, kwangua ubavu wa upande wenye nguvu zaidi kidogo kidogo, au rekebisha kina cha mkato wa upote upande mmoja.

Dalili ya saba: mlio mdogo wa kupasuka wakati wa kuvuta

Simamisha mvuto papo hapo na ushushe kamba polepole. Kagua mgongo kwa pamba, kiungo kwa sarafu, tumbo kwa taa, kwa mpangilio huo. Gundi iliyomwagika kwenye kingo inaweza kutoa mlio inapokatika, na hiyo haina madhara. Usipopata chanzo, na mlio ukirudi palepale kwenye mvuto uleule, upinde huo haupaswi kuvutwa na mwili wa mtu hadi fundi mwingine auone.

Upinde uliokwisha kuvunjika

Usivitupe vipande. Mvunjiko mrefu wa mshazari wenye vibanzi vikali huonyesha nyuzi zilizokatizwa, na mbao nyingine ya chanzo hichohicho itahitaji mwanzi au hikori, au ipasuliwe kwa kabari ili ifuate nyuzi. Mvunjiko mfupi, mkavu, karibu wa wima, ni wa mbao iliyokauka mno au iliyoanza kuoza, na hakuna bitana ya kuisaidia. Tumbo lililokunjika kwanza na mgongo ukafuata humaanisha bitana ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Upinde unaofuata uwe na tumbo pana zaidi kwa milimita kadhaa, au bitana nyembamba. Ukuta wa gundi uliobaki mzima upande mmoja na mbao safi upande wa pili ni kosa la kuandaa uso. Andika ulichokiona pamoja na unene wa bitana, upana wa mkono na unyevu wa mbao siku ya kugundisha, kisha ndipo uagize nyenzo nyingine.